Silaha Nyumbani, Mtoto Nyumbani
Maelezo kwa wakazi wa Kata ya Miyuji kuhusu sheria na utunzaji salama wa silaha



Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Walimaanisha kuwa atajikata kidogo, atalia, kisha atajua. Hekima hiyo ina mpaka wake. Wembe hukata kidole, na kidole hupona. Bunduki haimpi mtoto nafasi ya kujifunza mara ya pili, wala haimpi mzazi nafasi ya kujirekebisha.

Umiliki wa silaha za moto mikononi mwa raia unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwombaji wa leseni anatakiwa awe ametimiza umri wa miaka 25. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa upande wake, inamtambua kila mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Hivyo basi, hakuna mtoto anayemiliki bunduki kihalali, na hata kijana wa miaka 20 bado hajafikia umri wa kuiomba. Kila silaha inayoonekana mkononi mwa mtoto imepita kwanza mkononi mwa mtu mzima: aliyeiegemeza nyuma ya mlango, aliyemtuma mtoto akailete, au aliyeificha bila kibali.

Leseni ni ya mtu aliyetajwa ndani yake. Haiazimwi kwa kijana anayelinda shamba, wala kwa mchungaji, wala kwa mlinzi wa nyumba. Gobore nalo ni silaha ya moto, ijapokuwa baadhi ya watu hulihesabu pamoja na jembe na panga kwa sababu hutumika kufukuzia ngedere na nguruwe pori. Aidha, bunduki hairithiwi kama shamba au ng'ombe. Mwenye leseni akifariki dunia, familia itoe taarifa kituo cha polisi bila kuchelewa. Jambo hilo lisisubiri arobaini wala kikao cha mirathi.

Kwa mwenye leseni, wajibu wa kila siku ni huu:

1. Silaha itolewe risasi kabla ya kuingizwa ndani, na ihakikiwe kuwa ni tupu.
2. Ifungiwe kwenye kabati la chuma lenye kufuli madhubuti, lililofungwa ukutani au sakafuni. Uvunguni mwa kitanda, darini na juu ya kabati la nguo si mahali pa kuficha, mtoto hupajua.
3. Risasi zifungiwe mahali pengine, kwa kufuli lingine.
4. Ufunguo ukae kwa mwenye leseni mwenyewe.
5. Silaha ikipotea au kuibwa, polisi wajulishwe mara moja. Ukimya wa mwenye silaha humpa mwizi muda.

Ipo pia hatari isiyotoka ndani ya nyumba. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka. Wanafunzi waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Ilielezwa kuwa mwanafunzi alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu. Miyuji pia ina watoto wanaookota vyuma chakavu ili wauze. Wazazi, walimu na wanunuzi wa vyuma hivyo wawafundishe kanuni moja: kitu kinachofanana na risasi, bomu au bunduki hakiguswi, hakipigwi jiwe na hakibebwi kupelekwa kwa mtu mzima. Mtoto aondoke, kisha amwite mtu mzima aje. Mtu mzima naye asikiguse. Awazuie watu kusogea na apige simu polisi kwa namba 112, au amjulishe Mwenyekiti wa Mtaa.

Kwa wenye silaha zisizo na kibali, Serikali imekwisha kutangaza vipindi vya kuzisalimisha kwa hiari, kikiwamo cha mwaka 2022, ambapo anayejitokeza ndani ya muda uliowekwa hashtakiwi kwa kuwa nayo. Vipindi hivyo huwa na tarehe ya mwisho. Tangazo linapotolewa, asiwepo wa kusema atakwenda kesho.

La mwisho linahusu malezi. Mtoto akifungua sanduku la babu, akaikuta bastola na kuja kusema, asipigwe kwa kosa la kupekua. Ashukuriwe. Mtoto aliyepigwa kwa kusema ukweli, siku nyingine atakaa kimya, na ukimya huo ndio utakaomweka karibu na silaha pasipo mtu mzima kujua. Kufuli hulinda kabati. Mtoto asiyeogopa kusema hulinda nyumba nzima.