Pampu Ihukumiwe kwa Ushahidi: Kupima na Kubadilisha Pampu ya Maji ya Gari la Haibridi

Mada kwa mafundi wa magari, Itaka, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe



Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma hupitisha magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani. Mengine hubaki nchini, mengine ni ya IT, yaani yanapita tu na kuvuka mpaka kuelekea Zambia na Kongo. Miongoni mwake zimo Toyota Prius na Aqua, magari ya haibridi yanayopendwa kwa kula mafuta kidogo. Yanapofika Mbozi yamekwisha kupanda Kitonga na milima ya Mbeya, na pampu zake za maji zina umri uleule wa gari. Kwa hiyo fundi wa Itaka hana sababu ya kuyaona kama magari ya watu wa mbali. Hoja yangu katika mada hii ni moja: pampu isifunguliwe mpaka kosa lake lithibitishwe kwa vipimo, na ikishathibitishwa, kuifunga mpya bila kushughulikia mzunguko mzima wa maji ni kazi nusu.

Tuanze na jinsi gari lenyewe lilivyo. Prius ina mizunguko miwili ya kupoza. Mmoja ni wa injini, mwingine ni wa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa ili uendeshe mota. Katika Prius ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia 2003, pampu ya injini bado inazungushwa na mkanda, ila ya inveta ni ya umeme. Katika kizazi cha tatu, kilichoanza 2009, mkanda uliondolewa kabisa, na pampu zote mbili zikawa za umeme. Aqua, iliyotoka mwishoni mwa 2011, inafuata mtindo huo. Hapa ndipo mazoea yanapotupoteza. Pampu ya inveta ikifa, injini haichemshi. Dereva anaona taa ya pembetatu kwenye dashibodi, gari linakosa nguvu mlimani, akipumzika kidogo linaondoka tena kama halikuwa na tatizo. Fundi akifungua rejeta ya injini anakuta maji yamejaa, anaanza kushuku betri, na mwenye gari anaambiwa aandae fedha za betri ambayo haina ubaya wowote.

Kwamba pampu hizi hufa kweli, hilo halina ubishi. Novemba 2012 Toyota yenyewe iliita magari ya haibridi zaidi ya 600,000 duniani kwa ajili ya pampu ya maji ya umeme. Lakini ushahidi kwamba pampu hufa hautoshi kuwa ushahidi kwamba pampu ya gari lililo mbele yako imekufa. Angalia namba za hitilafu zinazosomwa na mashine. P0A93 inasema upozaji wa inveta haufanyi kazi ipasavyo. P261B inahusu pampu ya injini kushindwa kufuata amri. P148F inasema pampu ya injini inazunguka kwa kasi kupita kiasi. Namba hii ya mwisho inaitaja pampu kwa jina, na bado mara nyingi pampu ni nzima: inazunguka ovyo kwa sababu haina maji ya kusukuma. Maji yamevuja, au kuna hewa ndani, au gasketi ya silinda hedi imeungua na gesi ya injini inaingia kwenye njia za maji. Ukibadilisha pampu hapo, namba itarudi, na hedi itaendelea kuharibika.

Kwa hiyo vipimo vifuate mpangilio. Gari likiwa limepoa, tazama kiwango cha maji kwenye matangi yote mawili, kisha tafuta mvujo kwenye mipira na maungio. Kwa upande wa inveta, fungua kifuniko cha tangi lake, washa gari mpaka liandike READY, uchungulie. Maji yakicheza, pampu inasukuma. Yakitulia kimya, pima fyuzi na rilei, halafu chomoa soketi ya pampu na upime umeme kwa mita. Kama umeme na hasi vyote vinafika na pampu haizunguki, sasa una haki ya kuihukumu. Kama haufiki, kosa liko kwenye waya. Ikiwa inanguruma na maji hayatembei, shuku hewa au mapanga yaliyokatika. Kumbuka pia kwamba gari likiwa READY injini inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote. Mikono na nguo zikae mbali.

Wapo watakaosema kazi hii ni hatari, iachwe kwa mafundi wa Dar es Salaam. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme wa mamia ya volti, na huo unaua. Lakini pampu ya maji yenyewe hutumia umeme mdogo wa betri ya kawaida. Fundi aliyezima gari, akaweka ufunguo mbali, akatoa terminali ya betri ndogo na asiguse chochote cha chungwa, anaweza kuibadilisha. Kazi ikilazimu kugusa inveta, hapo plagi ya usalama itolewe kwa glovu za umeme, na zisubiriwe dakika 10 kabla ya kuendelea.

Pingamizi la pili ni la gharama: mteja hataki kulipia kipimo, na maji ya kisima yamemtosha siku zote. Jibu ni kwamba kipimo ni nafuu kuliko spea isiyohitajika. Kuhusu maji, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Maji matupu pia huleta kutu na magadi kwenye njia nyembamba. Kulanti inapandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Mwenye gari akielezwa hivyo, ataelewa. Pampu ya mtumba nayo ni kamari, kwa kuwa hakuna ajuaye imezunguka miaka mingapi.

Ukishafunga pampu mpya na oringi mpya, jaza kulanti inayofaa, toa hewa kupitia valvu yake, uongeze taratibu mpaka kiwango kisishuke tena. Futa namba za hitilafu, endesha gari kwenye mlima, kisha lisome upya. Napendekeza mafundi wa Itaka wachangie mashine moja ya kusoma namba za hitilafu na glovu za umeme, na kila gereji iandike vipimo vyake kabla ya kuagiza spea. Mteja apewe karatasi hiyo pamoja na pampu ya zamani. Hapo atajua alicholipia, na fundi atakuwa na ushahidi wa kujitetea.