Kiwanda cha Urafiki na Hesabu ya Uchakavu
(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kingolwira)



Msafiri atokaye Kingolwira kwenda Dar es Salaam, akiisha kupita Ubungo na kabla ya kufika Manzese, hukuta kituo cha mabasi kiitwacho Urafiki. Vijana hulijua jina hilo kuwa ni la kituo tu. Wazazi wao walilivaa, maana khanga na vitenge vya nchi hii kwa miaka mingi vilitoka katika kiwanda kilichojengwa mahali hapo, kando ya barabara hiyo hiyo ya Morogoro.

Chanzo chake ni mkopo usio na riba uliotolewa na China baada ya ziara ya Ndugu Rashidi Kawawa huko mwaka 1964. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere alikwenda Peking, ukatiwa sahihi mkataba wa urafiki, na ndilo jina kiwanda kilichopewa. Mwalimu alikifungua mwaka 1968. Pamba iliingia humo ikiwa robota, ikasokotwa, ikafumwa, ikatiwa rangi na kupigwa chapa, ikatoka ikiwa doti. Wafanyakazi walikuwa kiasi cha 3,000.

Idadi hiyo haikuwa ya bahati. Mitambo ya Urafiki ilikuwa ya namna inayohitaji mikono mingi, tofauti na ile ya Mwatex ya Mwanza, iliyojengwa miaka hiyo hiyo kwa ufundi wa Kifaransa na kuendeshwa na watu wachache zaidi. Wataalamu walibishana sana juu ya njia ipi ilikuwa bora. Nchi iliyokuwa na vijana wengi wasio na kazi na fedha kidogo za kigeni haikuwa na sababu ya kuona haya kwa kuchagua mikono.

Wakulima wa pamba wa mkoa huu wanajua kwamba kilo 3 za pamba yenye mbegu hutoa kama kilo 1 tu ya nyuzi baada ya kuchambuliwa. Lisilosemwa sana mizanini ni kwamba mchanga uliotiwa guniani ili kuongeza uzito haupotei. Hula meno ya mashine ya kuchambulia, na pamba fifi ikichanganywa na safi, uzi hukatika mikononi mwa msokotaji. Uharibifu wa mtambo huanzia shambani.

Lakini si mchanga ulioiangusha Urafiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda, fedha za kigeni zilikauka. Vipuri havikuagizwa, umeme ulikatika mara kwa mara, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi vya nchi vilifanya kazi chini ya theluthi ya uwezo wao. Wanachama wengi wanakumbuka foleni za khanga. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia, na mitambo iliyochoka ikalazimika kushindana na nguo za bei ya chini. Mwaka 1996 ukafanywa mkataba wa ubia: upande wa China, ulioleta fedha za kukifufua kiwanda, ukachukua asilimia 51 ya hisa, Tanzania ikabaki na 49. Hisa zilifuata fedha.

Hapa ndipo jambo hili linapogusa vyama. Chama kikinunua mashine ya kusaga au trekta, mwaka wa kwanza huona ziada kubwa na wanachama hudai igawanywe yote. Katika vitabu vingi safu ya uchakavu huachwa tupu, au huandikwa tarakimu isiyo na shilingi hata moja benki. Mashine ya shilingi 6,000,000 inayotazamiwa kufanya kazi miaka 10 inakula shilingi 600,000 kila mwaka, isage isisage. Katibu asemaye hivyo mkutanoni huitwa mchoyo, na wengine wamepoteza nafasi zao kwa sababu hiyo. Hata hivyo hana budi kusema.

Kabla ya mkutano mkuu ujao, kila katibu afungue daftari la mali za chama na kuandika mbele ya kila mashine tarehe iliponunuliwa, bei yake, na kiasi kilichokwisha kuwekwa akiba kwa ajili ya nyingine. Wanachama wasomewe tarakimu hizo kabla ya kuanza kuzungumzia ziada.