Mizani na Daftari

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka. Salamu ndefu za mwanzo zimefupishwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu zangu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma mnaosubiri pilau:

Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya utafiti, ubunifu na biashara ya ushirika. Mada hii ni ng'ombe mzima, nami nimepewa muda wa kula paja. Basi paja hilo nitalikata vipande vitatu: pamba, kosa langu mwenyewe, na dhahabu.

Ninyi vijana mnaishi katika Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, na mtu akitaja Geita mnafikiria dhahabu mara moja. Sisi tulikulia Geita iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mgodi wa zamani ulikuwa umefungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa haukufunguliwa hadi mwaka 2000. Katika miaka ile ya katikati, karo zetu, mabati ya nyumba zetu na baiskeli za baba zetu zilitoka shambani, na zao lenyewe lilikuwa pamba.

Wazee walitusimulia jinsi pamba ilivyouzwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mkulima alibeba mzigo wake mpaka kituoni. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, mpimaji alikuwa wa mnunuzi, na karani aliyeandika ratili alikuwa wa mnunuzi vile vile. Kazi ya mkulima ilikuwa kupokea alichoambiwa na kusema asante. Kila mtu alijua kwamba anapunjwa, lakini hakuna aliyeweza kusema amepunjwa kiasi gani.

Sasa angalieni walichofanya. Hawakuanza kwa kudai kiwanda wala benki. Walidai wawe na wapimaji wao wenyewe katika vituo, mtu wao asimame karibu na mizani, asome, naye aandike. Huo ndio ubunifu ninaotaka mwukumbuke. Haukuhitaji mashine mpya, kwa maana mizani ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani anayeisoma.

Kati ya walioongoza harakati hizo alikuwamo Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, na ambaye alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Yeye na wenzake waliunganisha wakulima wa Jimbo la Ziwa, naye akaenda Uingereza, Loughborough, kusomea mambo ya ushirika. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na Bomani akawa meneja wake mkuu. Kabla ya Uhuru Shirikisho hilo lilikuwa limehesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Lilikuwa na viwanda vyake vya kuchambulia pamba, na kimojawapo kilikuwa Kasamwa, hapa hapa kwetu.

Tena mtu akishazoea kuuliza habari za mizani, huuliza na mengine. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walilipinga baraza la mseto ambalo wakoloni walitaka kuwawekea. Andrew Maguire, mtafiti kutoka Marekani, ameyaeleza mambo hayo katika kitabu chake juu ya siasa za Usukuma kilichotoka mwaka 1969. Anaonyesha jinsi ushirika na madai ya uhuru vilivyokua pamoja huku Ziwa. Nawasihi vijana mkitafute. Inafaa mtoto wa Geita ajue kwamba wazee wake wameandikwa katika vitabu vinavyosomwa vyuo vikuu.

Wala jambo hili la vipimo si la kwetu peke yetu. Wale waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwezi Desemba 1844, walishika kanuni ya ratili kamili na unga usiochanganywa na takataka. Hawakujua pamba yetu, nasi hatukuwajua, lakini maumivu yalikuwa yale yale.

Hicho ni kipande cha kwanza. Kipande cha pili ni kichungu.

Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalum kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Ule ulikuwa utafiti hasa. Kamati iliona kwamba wanachama wengi hawakukielewa chama chao wenyewe, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba, na kwamba wanasiasa waliingilia mambo. Mwaka 1968 Shirikisho na vyama vyake vikaunganishwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vyote nchini vikavunjwa, na ununuzi wa pamba ukashikwa na Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu vyama vikuu virudi, na mwaka 1984 vikarudi.

Hapo ndipo naingia mimi. Nilimaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1983. Msimu wa 1986 nikaajiriwa kuwa karani wa chama kimoja cha msingi. Jina la chama hicho naliacha, kwa sababu leo sikuja kumshitaki mtu ila mimi mwenyewe. Siku ya kwanza mkubwa wangu alinifundisha kazi. Akasema: "Kila mzigo, toa kilo mbili. Ni unyaufu. Pamba hukauka njiani." Nami nikatoa. Ni kweli pamba hukauka. Lakini kama unyaufu ule ungekuwa halali, ungeandikwa daftarini. Haukuandikwa mahali popote. Kwa siku tulipokea watu kama sitini. Ninyi mnaojua hesabu mmekwisha kupata jibu: kilo mia na ishirini kila siku, na hakuna aliyejua zilikwenda wapi isipokuwa wawili watatu.

Siku moja mama yangu alikuja na mzigo wake kichwani. Niliupandisha juu ya mizani. Ikasoma kilo 41. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na mkubwa wangu alikuwa amesimama pembeni. Nikaandika 39. Mama hakujua kusoma. Aliipokea stakabadhi kwa mikono miwili, akaikunja, akawaambia wenzake waliokuwa kwenye foleni: "Huyu ni mwanangu. Ndiye anayeshika kalamu." Fedha yenyewe aliipata baada ya miezi kadhaa, maana miaka ile chama kilikuwa kinakopa pamba kwa karatasi.

Mama alipofariki, tulikuta kopo la majani ya chai chini ya kitanda chake. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi zake zote, kwa kuwa alidhani kila karatasi niliyoandika ilikuwa mali. Ile ya kilo 39 ilikuwamo. Ndiyo hii mkononi mwangu.

Ndugu zangu, nimejiuliza mara nyingi kwa nini lile liliwezekana. Wakulima wale walikuwa watoto wa watu waliodai wapimaji wao. Mizani sasa ilikuwa ya chama chao, na mpimaji alikuwa mtoto wao wa kumzaa. Lakini daftari lilisomwa na watu wachache, na katika mkutano mkuu hakuna aliyelifungua mbele ya wote. Jambo ambalo kamati ya 1966 ililiona, miaka ishirini baadaye nilikuwa nalitenda kwa mkono wangu. Utafiti ulifanyika vizuri, ila majibu yake hayakufika kwenye foleni ya mama yangu. Kwa hiyo mimi nasema ushirika hauibiwi na wabaya peke yao. Huibiwa pia na vijana wazuri waliofaulu mtihani, wanaoogopa mkubwa wao.

Kipande cha tatu ni dhahabu, na hapa nawaomba vijana mwache kuangalia jikoni.

Pale Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu mnajua jinsi kazi inavyokwenda. Yupo mwenye leseni. Yupo mwenye duara, anayetoa magogo, pampu na chakula. Wapo wanaoshuka chini. Mawe yakitoka huwekwa katika mifuko, kisha unakuja mgao. Duara lisipotoa kitu, aliyeshuka amepata ugali tu. Likitoa, mawe yanakwenda kwenye karasha, yanasagwa, yanaoshwa, yanakamatwa kwa zebaki. Na mara nyingi zebaki haikamati hata nusu ya dhahabu iliyomo. Nyingine hubaki katika marudio, na marudio hayo mara nyingi hubaki kwa mwenye karasha, ambaye huyauza au huyapeleka kwenye mitambo inayotumia sayanaidi. Basi mchimbaji anaondoka akishukuru kwa kilichoonekana, na kisichoonekana amekiacha kwa mtu mwenye elimu zaidi yake.

Mwaka 2004 Rosemarie Mwaipopo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Wilson Mutagwaba, David Nyange na Eleanor Fisher, walitoa taarifa ya utafiti wao juu ya maisha ya wachimbaji wadogo katika wilaya za Geita na Misungwi. Waliona kwamba watu wa machimboni hawakuwa masikini kuliko majirani zao wasiochimba, bali mara nyingi walikuwa nafuu. Lakini waliona pia kwamba faida haigawanyiki sawa, na wasio na leseni wala mtaji huwa katika hatari kubwa zaidi. Hilo lilikuwa jibu kwa wale wanaomwita kila mchimbaji mhuni.

Tangu hapo yapo mabadiliko mazuri. Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwaka huo huo soko la dhahabu likafunguliwa hapa Geita. Sokoni mizani iko wazi na bei inajulikana. Lakini soko ni mwisho wa safari. Kati ya duara na soko pana mgao, pana karasha, pana marudio, na huko daftari ni adimu. Vipo vikundi vilivyoundwa ili vipate leseni tu, na wanachama hawajui hata kilo za mawe zilizotoka jana. Hapo wachimbaji wetu wamesimama pale walipokuwa babu zao wa pamba: wanajua wanapunjwa, hawajui ni kiasi gani.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwenu vijana. Likizo hii kila mmoja achukue daftari na kuwauliza watu wazima wa nyumbani kwake, wawe wa pamba, wa dhahabu au wa dagaa, maswali manne: Mizani ni ya nani? Anayeandika ni nani? Nani anaruhusiwa kulisoma daftari? Kinachobaki huenda kwa nani? Sikuwatumi mashimoni, wala msisogelee zebaki. Ulizeni mezani. Majibu yenu yaletwe hapa, yahesabiwe na kujadiliwa. Huo ni utafiti halisi, hata kama hauna jalada la ngozi.

La pili ni kwa shule. Tuanzishe duka la ushirika la wanafunzi, hata likiuza kalamu na sabuni tu, na kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote. Atakayezoea kuuliza habari za sabuni hataogopa kuuliza habari za dhahabu.

La tatu ni kwetu sisi wenye mvi. Tuchange tununue mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na tumlipie kila mwaka kijana mmoja akasome Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kile kilichoanza mwaka 1963 kikiwa Chuo cha Ushirika. Mchango wangu nimeshamkabidhi Mweka Hazina. Namwomba ausome kiasi chake kwa sauti, pamoja na wa kila mtu, kabla hatujala.

Stakabadhi hii naiacha kwa Mkuu wa Shule. Ikimpendeza, aibandike ndani ya duka hilo juu ya mizani, na chini yake iandikwe: "Ilikuwa kilo 41."