Jungu Kuu Halikosi Ukoko

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mratibu wa huduma kwa wazee mbele ya kamati za parokia na wageni wetu wafadhili, katika maadhimisho ya Siku ya Wazee Duniani. Tumeichapa kwa ombi la wajumbe wengi waliohudhuria.



Napenda kuanza kwa kuwashukuru akina mama waliopika tangu alfajiri, na vijana waliowabeba wazee kwa baiskeli na pikipiki hadi hapa. Bila wao viti hivi vya mbele vingekuwa vitupu.

Kila tarehe 1 Oktoba tunaadhimisha siku hii, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Kwa kawaida mratibu husimama na kusoma taarifa: blanketi ngapi, sabuni ngapi, kilo ngapi za sukari. Taarifa hiyo ipo, na mtagawiwa. Lakini leo nimeomba ruhusa ya Mwenyekiti niwasimulie habari za bibi mmoja aliyeishi miaka 101. Baada ya hapo nina jambo la kuungama mbele yenu.

Bibi aliyekata picha vipande viwili

Miaka kadhaa iliyopita mgeni mmoja aliniachia kadi ya zamani ya Krismasi. Ilikuwa na picha ya shamba lililofunikwa na theluji, farasi wanaovuta gari lisilo na magurudumu, watoto wakikimbia, moshi ukitoka kwenye paa. Nilimwuliza nani kachora. Akasema, “Bibi mmoja mkulima. Alianza akiwa mzee.” Tangu siku hiyo nikawa natafuta habari zake.

Jina lake ni Anna Mary Robertson Moses. Marekani nzima walimwita Bibi Moses. Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1860 katika jimbo la New York, mtoto wa tatu kati ya watoto kumi wa mkulima. Alipokuwa mdogo baba yake alikuwa akiwanunulia karatasi nyeupe wachore, na yeye alitia rangi kwa maji ya zabibu. Lakini utoto wake ulikuwa mfupi. Akiwa na miaka 12 alipelekwa kufanya kazi katika nyumba za watu: kupika, kufua, kulea. Alifanya hivyo miaka 15.

Mwaka 1887 aliolewa na kijana aliyekuwa kibarua shambani kama yeye. Wakahamia jimbo la Virginia, wakalima mashamba ya watu. Bibi huyu alisindika siagi na kukaanga viazi vyembamba, akauza, ili nyumba isimame. Alizaa watoto kumi. Watano walikufa wakiwa wachanga. Akina mama mlio hapa, ninyi mnajua sentensi hiyo ina uzito gani. Mimi nitaipita kwa heshima.

Mwaka 1905 walirudi New York, wakanunua shamba mahali paitwapo Eagle Bridge. Mwaka 1918 alikuwa akibandika karatasi za mapambo sebuleni, karatasi zikamwishia kabla ya kufikia ubao wa kuziba meko. Akachukua rangi na kuchora mandhari juu ya ubao ule. Baada ya hapo akarudi jikoni. Mwaka 1927 mumewe alifariki, naye akabaki mjane mwenye miaka 66.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ya nchi yetu inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea. Kwa kipimo hicho, bibi huyu alikuwa tayari ndani ya daftari letu la wanaosaidiwa. Na kazi iliyomfanya ajulikane duniani alikuwa bado hajaianza.

Katika uzee wake alikuwa akitarizi picha kwa nyuzi za sufu. Halafu baridi yabisi ikamshika vidole, sindano ikawa inamponyoka. Dada yake akamwambia: basi, jaribu brashi, itakuwa rahisi kushika. Alikuwa amepita miaka 75. Akachukua vipande vya ubao, akavipaka rangi nyeupe kwanza, akaanza kuchora kutoka juu kwenda chini: mbingu, kisha milima, kisha miti na nyumba, mwisho wanyama na watu. Alichora alichokifanya maisha yake yote: kuosha kondoo, kuvuna, kuhama nyumba, kuchemsha utomvu wa miti mpaka uwe sukari, kama vile sisi tunavyojua kugema.

Je, watu walimkimbilia? Hapana. Alipeleka picha kwenye maonesho ya kilimo pamoja na jamu na matunda yake ya chupa. Jamu na matunda vikapata zawadi. Picha hazikupata kitu.

Baadaye akina mama wa mji jirani wa Hoosick Falls walikusanya kazi za mikono, na picha zake zikawekwa kwenye dirisha la duka la dawa. Bei yake ilikuwa kati ya dola 3 na dola 5, kwa kufuata ukubwa. Zikakaa pale. Mwaka 1938 mhandisi mmoja kutoka jiji la New York, Louis Caldor, mpenzi wa sanaa, alipita, akaziona, akanunua zote, akauliza njia ya kwenda nyumbani kwa aliyezichora.

Alipofika, Bibi hakuwepo. Mkwewe, mke wa mwanawe, akamwambia mgeni kwamba mama anazo picha nyingine kama kumi hivi. Mgeni akasema atarudi kesho. Bibi aliporudi akatafuta nyumba nzima, akakuta picha tisa tu. Asubuhi akachukua picha moja kubwa, akaikata katikati, akazitia fremu zote mbili. Zikawa kumi! Mgeni akazikuta kumi kama alivyoahidiwa. (Kicheko.) Naona wahasibu wa kamati wanacheka kuliko wengine.

Mwaka 1939 picha zake tatu zilioneshwa katika jumba kubwa la sanaa za kisasa jijini New York. Oktoba 1940, akiwa na miaka 80, akafanyiwa maonesho yake mwenyewe. Mwaka 1949 Rais Truman alimkabidhi tuzo. Picha zake zikachapwa kwenye kadi, kama ile niliyopewa. Alipotimiza miaka 100, mwaka 1960, gavana wa jimbo lake alitangaza siku hiyo kuwa Siku ya Bibi Moses. Naye hakuacha kuchora hata baada ya hapo. Alifariki tarehe 13 Desemba 1961, akiwa ameacha picha zaidi ya 1,500.

Mambo matatu kwa kamati zetu

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba kila bibi wa parokia zetu ataalikwa na Rais. Lakini tazameni bibi huyu alipewa nini na watu, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Kwanza, alikuwa na dada. Dada yule hakumwambia, “Pole, sasa pumzika.” Alitazama vidole vilivyouma, akatafuta kazi ambayo vidole vile bado vingeiweza.

Pili, alipata dirisha. Akina mama wa mji ule hawakuwa na fedha nyingi. Walikuwa na duka la dawa na nafasi nyuma ya kioo. Picha zisingetoka nyumbani zisingeonwa na mtu.

Tatu, alipita mtu aliyesimama. Wengi walipita pale dirishani kununua dawa. Mmoja alisimama, akauliza: nani kafanya hivi, na anakaa wapi?

Dada, dirisha, na mtu wa kusimama. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji andiko la mradi.

Jambo la kuungama

Sasa niungame. Katika kigango kimoja tulikuwa na bibi aliyesuka mikeka. Jina lake silitaji, familia yake ipo. Wengi wenu mmekaa juu ya kazi ya mikono yake, maana mkeka wanaoketia watoto pale mbele ya altare ya kigango kile ni wake. Una ukili mwembamba kama utepe, na katikati kuna maua mekundu na meusi yanayokutana bila kuonekana mahali yalipoanzia.

Tulimtembelea na kamati, tukiwa na blanketi, sabuni na sukari. Nilikuwa na fomu yetu mkononi. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaniambia: “Mwanangu, blanketi mliniletea mwaka jana. Ukindu ndio sina. Miguu haifiki tena bondeni.”

Nilicheka kidogo. Nilimwambia, “Bibi, umeshafanya kazi ya kutosha, sasa pumzika.” Na kwenye fomu nikaandika: Amepokea blanketi moja.

Mwaka uliofuata nikarudi, akasema neno lile lile. Nami nikaandika lile lile.

Bonde lile, ndugu zangu, ni mwendo wa nusu saa kwa kijana. Tulikuwa na vijana 30 katika kigango kile. Hakuna hata mmoja niliyemtuma.

Bibi yule alifariki wakati wa masika. Siku ya maombolezo mjukuu wake wa kike aliniuliza kama kuna mtu ninayemjua anayeweza kumfundisha kusuka ule ukili wa maua. Alikuwa amejaribu kuufumua mkeka wa zamani ili aone unavyoanza, akashindwa kuurudisha. Niliuliza vigango vyote. Hadi leo sijapata mtu.

Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Ni kweli. Lakini ukoko haujikwangui wenyewe. Lazima mtu ainame na upawa. Mimi nilisimama mlangoni na blanketi.

Tufanye nini?

Fomu yetu ina safu za chakula, mavazi, dawa na nyumba. Napendekeza tuongeze safu mbili. Ya kwanza: Anajua nini? Ya pili: Ni nini kinachomkwamisha? Mmoja ataandikwa kwamba anajua kufinyanga lakini hawezi kubeba udongo. Mwingine anajua nyimbo za kubembeleza watoto ambazo binti zetu hawazijui, na kinachomkwamisha ni kwamba hakuna anayekuja kusikiliza. Safu hizo mbili zikijazwa, kamati ya vijana itapata kazi ya Jumamosi bila kuitafuta.

Pia kila parokia itenge meza moja siku ya mavuno kwa kazi za wazee. Hilo ndilo dirisha letu. Na kila mzee anayesuka au kufinyanga apewe kijana mmoja wa kukaa naye, si wa kumhudumia tu, bali wa kujifunza.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi mzee alipie blanketi kwa kazi. Wapo wazee wetu wasioinuka kitandani, na hao tutawaosha na kuwalisha bila kuwauliza wanajua nini. Maisha marefu ni zawadi, hayana ankara. Nasema tu kwamba anayetaka kufanya kazi asikatazwe kwa jina la huruma.

Kwa wafadhili wetu wapendwa nina neno moja la bei. Mwaka 2006 picha moja ya Bibi Moses, aliyoichora mwaka 1943, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Yeye alikuwa amefariki miaka 45 kabla. Kumbukeni dola 3 za dirishani. Mara nyingi mgeni anapopenda mkeka, sisi wenyewe wa ofisini humtajia bei ndogo ili afurahi. Tumekuwa wakarimu kwa jasho la bibi. Kuanzia sasa tunaomba mtusaidie kwa njia hii: mkipenda kitu, ombeni mpelekwe kwa aliyekitengeneza, kaeni naye, na bei aitaje yeye.

Wazee wetu, nimalizie kwenu. Tumezoea kuwaombea maisha marefu, na tutaendelea. Lakini leo kabla hamjapanda pikipiki kurudi nyumbani, kuna vijana wawili pale mlangoni wenye daftari jipya. Hawataandika mnataka nini. Watawauliza mnajua nini. Tafadhali msiwaambie, “Aah, mimi sijui kitu.” Na yule mjukuu niliyemtaja yupo hapa leo, amekaa safu ya nyuma, na ule mkeka uliofumuliwa ameuleta. Kama kuna bibi yeyote kati yenu anayeujua ukili wa maua, hata mwanzo wake tu, naomba amwite akae karibu naye wakati wa chakula.