Jina la Kilombero Kwenye Kiroba ni la Nani?



Nimeombwa nizungumzie migogoro ya umiliki wa alama za biashara, nami nimeona nianze na kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua: kiroba cha mchele. Kimeandikwa "Kilombero" kwa herufi kubwa, chini yake pana picha ya suke, na pembeni jina la mfanyabiashara. Mnunuzi huwa tayari kuongeza bei kwa ajili ya neno hilo moja. Je, limemwahidi nini?

Laweza kumaanisha mahali: mpunga ulilimwa katika bonde hili. Laweza pia kumaanisha mbegu. Nchini Malawi, hususan Karonga, Kilombero ni aina ya mpunga wenye harufu nzuri, na mchele wake huuzwa hadi Scotland kwa jina hilo. Mchele huo haukuota hapa, wala muuzaji wake hasemi uongo. Maana ya tatu ni alama ya mfanyabiashara, yaani ishara inayotenganisha bidhaa yake na ya jirani yake, na hiyo ndiyo inayoshughulikiwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986.

Jina la mahali, likisimama peke yake, kwa kawaida halitoshi kuwa alama ya mtu mmoja, maana kila mkulima wa Mlimba, Mang'ula au Ifakara ana haki ya kusema mpunga wake umetoka wapi. Kinachofaa kusajiliwa ni kile kilichobuniwa. Tazameni Kilombero Sugar: kampuni imebeba jina la bonde, lakini sukari yake mnaijua kwa jina la Bwana Sukari.

Ng'ambo mambo yamewahi kuwa magumu zaidi. Mwaka 2005 Ethiopia ilipoomba kusajili Marekani majina ya kahawa yake, likiwamo Sidamo, ilikuta kampuni ya Starbucks imekwisha kuomba alama yenye neno hilohilo. Mapatano yalifikiwa mwaka 2007.

Migogoro ya kwetu ni midogo kuliko huo, ila ni michungu. Tuseme washirika wawili wanauza mchele kwa picha moja ya kiboko. Mmoja anakoboa hapa, mwenzake anauza Dar es Salaam. Wanapokosana, yule wa mjini anakwenda BRELA kuomba alama kwa jina lake. Maombi hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Huyu wa Ifakara ametulia, kwa kuwa ana cheti cha jina la biashara. Kumbe kusajili jina la biashara si kusajili alama, ijapokuwa ofisi ni ileile! Asiyesajili alama hawezi kushtaki kwa kuingiliwa alama. Anabaki na dai gumu zaidi: kwamba mwenzake anauza mchele kana kwamba ni wake, naye lazima athibitishe kuwa wateja walimtambua kwa kiboko yule. Risiti za zamani, ambazo wengi hufungia maandazi, ndizo ushahidi wake. Usajili wenyewe hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10, na ule wa Bara hauvuki kwenda Zanzibar, ambako kuna sheria na wakala wake.

Wakati hao wawili wanavutana, viboko viwili viko sokoni, nanyi mlaji hamjui mnamlipa nani. Tena kiroba kitupu ni rahisi kujazwa mchele mwingine na kushonwa upya. Kwa hiyo tazameni mshono, na mtafute jina la mkoboaji na mahali alipo. Mwulizeni muuzaji mbegu pia: SARO 5, iliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha KATRIN hapahapa Ifakara, si sawa na Supa, na muuzaji anayeujua mchele wake hatababaika.

Bidhaa ikiwa bandia, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Uzito ukipungua, Wakala wa Vipimo. Nendeni na risiti pamoja na kiroba chenyewe, na mshono wa chini msiufumue.