MOTO WA ASUBUHI NDIO UNAOUNGUZA MCHANA
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama)



Tumeitana kwa jambo moja tu: moto wa Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Huku kwetu Njombe miezi hii tunaijua. Alfajiri mtu unatetemeka ndani ya blanketi, saa saba mchana unatafuta kivuli. Baridi ya Juni na Julai, pamoja na umande ulioganda, imekwisha kukausha majani. Sasa upepo unayakuta makavu kabisa.

Wengine wetu husema, "Sisi tunachoma mashamba asubuhi, upepo umelala, hakuna hatari." Hebu tulitazame neno hili. Usiku hewa ya baridi huteremka ikatulia bondeni, na majani hulowa umande. Ndiyo maana moto wa asubuhi huonekana mpole. Lakini jua likipanda ardhi hupata joto, hewa nayo hupanda mlima, upepo unaamka. Ikifika saa sita umande hakuna tena. Na kile kisiki tulichokiacha kinafuka moshi kidogo, tukaenda zetu kunywa uji, ndicho kinachopulizwa. Cheche inaruka njia, inaingia kwenye misindano. Na moto ukishika mteremko kwenda juu huzidi kukimbia, maana ndimi zake zinakausha majani ya mbele kabla haujayafikia.

Tukumbuke Mlima Kilimanjaro, Oktoba 2020. Watu zaidi ya 500 walikwenda kuuzima moto, upepo ukiwapa taabu, na ziliungua karibu kilomita za mraba 95. Sisi hapa kijijini tuko wangapi? Shamba letu la miti ni sare za watoto na mabati ya nyumba. Miti tuliyoingojea miaka mingi huungua mchana mmoja.

Kwa hiyo tukubaliane haya:

1. Hakuna kuchoma shamba mpaka mvua zinyeshe. Mabua tuyafukie kwenye matuta yaoze, ni mbolea hiyo.

2. Barabara ya moto kuzunguka shamba la miti ilimwe mpaka udongo uonekane. Jumamosi, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake.

3. Anayerina asali au kupika shambani amwage maji, akoroge majivu, kisha asogeze mkono. Kama bado pana joto, moto huo haujazimika, asiondoke.

4. Watoto wanaochunga huwasha moto kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Tusiwagombeze bure. Tuwape sweta au shuka nzito, wasiwe na haja ya kuota moto malishoni. Jua likikaza watalivua wenyewe.

5. Moto ukitokea, anayeuona kwanza apige yowe, na mwenye simu apige 114, Zimamoto. Tusingoje kuulizana ni wa nani. Watoto wabaki nyumbani, na mtu yeyote asisimame upande wa juu ambako moto unaelekea.

Ndugu zangu, upepo hatuwezi kuukataza, na baridi hatuwezi kuifukuza. Kiberiti tunacho sisi mfukoni. Hicho tunakiweza.

Aliyesoma hapa amsomee na jirani asiyeona vizuri.