Mwasumini Mlangoni: Kupanda, Kutunza na Kuuza Ua Jeupe

(Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya vikundi vya akina mama na vijana wa Kuruwitu, Kilifi Kusini)



Mazungumzo ya leo yanahusu mmea ambao wengi wenu mmeuona tangu utotoni: mwasumini. Ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya fito, wenye majani ya kijani yanayong'aa na maua madogo meupe. Ua lake hufunguka magharibi ikiingia, hunukia usiku kucha, na kesho yake mchana huwa limeshanyauka. Wako wanaoliita asmini na wako wanaoliita yasmini. Ua ni lilo hilo.

Kazi yake hapa pwani hakuna asiyeijua. Hutungwa kwa uzi likawa koja. Hufungwa pamoja na rehani na mkadi likawa kikuba, mama akalibandika nguoni. Kitanda cha bi harusi hutandazwa asumini. Kwa hivyo penye harusi, penye maulidi na penye Idi, ua hili hutafutwa, na anayelitafuta hulihitaji siku ileile, kwa kuwa halina akiba. Hapo ndipo ilipo nafasi ya mwenye mmea mlangoni kwake.

Mmea usiojipanda wenyewe

Kuna jambo moja la mwasumini ambalo ni vyema lijulikane kabla ya mengine yote. Mwasumini wa nyumbani, kwa kawaida, hauzai mbegu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani zake, na popote ulipofika duniani umefikishwa na watu kwa kukata kipande cha tawi na kukipanda. Ndivyo ulivyofika Uarabuni na pwani hii yetu. Ndivyo ulivyofika Ufilipino, ambako tangu mwaka 1934 ndilo ua la taifa, na watu huyatunga maua yake kwa uzi kama yanavyotungwa huku.

Maana yake kwa Kuruwitu ni hii. Mchicha ukiuacha, utajimwaga mbegu na kurudi na mvua. Mwasumini ukiung'oa ili ujenge ukuta au umwage saruji uani, hakuna mbegu iliyobaki ardhini. Ukiwa ndio uliokuwa wa mwisho katika boma hilo, basi umekwisha. Na siku hizi nyumba za zamani zinajengwa upya na viwanja vinagawanywa. Kila mwasumini mnaouona leo uko hai kwa sababu mtu fulani alimpa mwenzake tawi.

Kuujua mmea wenyewe

Si kila ua jeupe linalonukia ni asumini, na hapa makosa yanaweza kuua mtu.

Kwanza, kuna asumini za mwituni, ambazo maua yake wazee huyaita afu. Jamii moja inayoota kwa wingi vichakani pwani hii ina vijani vitatu katika kila kikonyo, ilhali mwasumini wa nyumbani una jani moja moja, mawili yakitazamana kwenye kila kifundo. Hiyo ya mwituni huzaa matunda madogo meusi, na ndege huzisambaza mbegu zake. Iliwahi kuvushwa bahari hadi Brazil, na katika jimbo la Florida, Marekani, leo ni gugu linalopanda juu ya miti na kuifunika. Kwao ni adui, kwetu ni mwenyeji wa msitu. Iacheni msituni, hasa katika misitu ya kaya, ambayo mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hakuna haja ya kung'oa mti wa kaya ili kupamba ua wa nyumba.

Pili, na hili watoto wafundishwe, kuna mti ule ambao wazee wa Kigiriama waliutolea sumu ya mishale, ambao kwa Kiswahili huitwa msunguti. Nao una maua madogo meupe yenye harufu nzuri inayofanana na ya asumini. Alama ya kuutambua ni utomvu. Vunja jani au kijiti: ukitoka utomvu mweupe kama maziwa, usiuchume, usiutie mdomoni, na nawa mikono. Mwasumini hautoi utomvu mweupe. Kwa hiyo chukueni matawi kwa jirani mnayemjua na mmea mliouona ukichanua, wala msiokote vichakani.

Kupata miche

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua za masika, zile ambazo wazee huziita mvua za mwaka, Aprili na Mei. Wa pili ni vuli, Oktoba na Novemba.

Chagua tawi lililokomaa kiasi, lisilo laini sana wala gumu kama kuni. Kata kipande cha urefu wa sentimita 15 hivi, chenye vifundo vitatu au vinne. Mkato wa chini uwe karibu na kifundo. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili ya juu. Chomeka vifundo viwili kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza. Mchanga usiwe wa ufuoni, kwa sababu una chumvi. Weka kivulini, mwagia kidogo kila siku, na funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili unyevu usipotee. Baada ya wiki nne hadi sita, vuta taratibu: kikishikilia, kimetoa mizizi.

Njia rahisi zaidi ni kulaza tawi. Inamisha tawi refu bila kulikata, lifukie kifundo kimoja udongoni, weka jiwe juu yake. Tawi litaendelea kunyonya kwa mama huku likitoa mizizi yake. Baada ya miezi miwili au mitatu likate na ulihamishe. Anayeogopa kupoteza tawi la mwasumini wa mama yake atumie njia hii.

Mahali na udongo

Udongo wa Kuruwitu umelala juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo ni chokaa. Chokaa ikizidi, mizizi hushindwa kupata madini ya chuma. Utaona majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Wengi hudhani ni kiu, wakaongeza maji. Dawa ni shimo kubwa na mbolea. Chimba upana na kina cha sentimita 60, toa mawe, kisha rudishia udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na samadi ya mbuzi iliyooza au takataka za jikoni zilizooza. Kila msimu ongeza samadi juu. Msimwage majivu ya jikoni kwenye shina, maana majivu hufanya kazi ileile ya chokaa na kuongeza tatizo.

Upande wa kupanda una maana yake. Upepo wa kusi huja na chumvi ya bahari na kuunguza ncha za majani. Pandeni upande wa nyumba usiopigwa na kusi, ambao ni wa kaskazini au magharibi, mradi mmea upate jua la saa sita hivi kwa siku. Mwasumini ulio kivulini hurefuka na kujaa majani, lakini maua huwa machache. Usimamishie fito au uzio wa kuushika, na uuelekeze kwa kamba laini.

Maji ni ya nani?

Hili ndilo swali zito, na afadhali liulizwe kabla ya kupanda. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na mwasumini hauyapendi. Maji matamu nayo yana kazi nyingi: kunywa, kupika, na kuoga watoto. Katika nyumba nyingi anayeyachota ni mama au binti.

Basi hesabu ifanywe. Tuseme kila mmea uliokomaa unapewa lita 10 kwa wiki wakati wa kiangazi. Mimea kumi ni lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20 kila wiki. Mwenye kuchota kwa kichwa asianze na mimea kumi. Aanze na miwili.

Mvua yenyewe ni akiba. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la mabati la mita 30 za mraba, kwa mvua moja ya milimita 20, hupokea lita 600. Hata baadhi yakipotea, mfereji mmoja na pipa lenye mfuniko vinaweza kuupitisha mwasumini wiki nyingi za kaskazi. Maji ya kuoshea mchele na mboga, yasiyotiwa chumvi, yanafaa pia. Maji ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha nguo hayafai. Kisha funika shina kwa majani makavu au makumbi ya nazi, ili jua lisiyanyonye maji uliyoyabeba kwa jasho. Acha nafasi ndogo kuzunguka shina lenyewe lisije likaoza.

Kupogoa na kuchuma

Mwasumini huchanua kwenye matawi machanga. Usipopogolewa, huwa kichaka kikubwa chenye maua machache juu kabisa, mkono usipofika. Kabla ya mvua, punguzeni matawi hadi theluthi moja au nusu ya urefu wake, toeni yaliyokauka, kisha wekeni samadi. Wiki za mwanzo mmea utaonekana kama umeharibiwa. Kuruwitu inalijua somo hili kuliko mahali pengi. Mwaka 2005 wavuvi wa hapa walifunga eneo la bahari la hekta 30 hivi lisivuliwe, na wako waliosema njaa imeletwa mlangoni. Walioingoja bahari ipumzike ndio walioona samaki wakirudi. Mkasi wa mwasumini unahitaji subira ya namna hiyo, ila wake ni wa miezi michache tu.

Kwa kuuza, usingoje ua lifunguke. Chuma matumba yaliyonenepa na kuwa meupe lakini bado yamefumba. Chuma asubuhi na mapema, kabla ya jua kukaza, yafunge katika kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba, na uyaweke kivulini. Yatafunguka jioni mikononi mwa mnunuzi, naye atakurudia. Ukiuza yaliyokwisha kufunguka, umeuza ua la jana.

Wakitokea wadudu wadogo weupe wenye unga kama pamba, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya kipande. Msipulize dawa kali za shambani juu ya maua haya. Ua hili huwekwa nywelini, nguoni na kitandani, na watu hulinusa kwa karibu.

Kuuza bila kujidanganya

Asumini haitachukua nafasi ya mshahara, wala haitalipa karo ya mwaka kwa mimea miwili. Ni pesa ndogo inayokuja jioni, na faida yake inategemea hesabu. Kila kikundi kiwe na daftari moja lenye safu nne: matumba yaliyochumwa, yaliyouzwa, maji yaliyotumika na pesa zilizopatikana. Baada ya miezi mitatu daftari litasema kama mmea unalipa kazi ya anayechota maji. Likisema haulipi, bakisheni mmoja wa nyumbani na mbadilishe shughuli.

Njia ya busara ni kuungana. Harusi moja huhitaji maua mengi kwa usiku mmoja, na nyumba moja haiwezi kuyatoa. Nyumba kumi zenye mimea miwili miwili zinaweza kuchukua oda pamoja na kugawana kwa kuhesabu matumba ya kila mmoja. Anayehitaji ushauri kuhusu udongo au ugonjwa wa mmea amwendee afisa wa kilimo wa wadi yake. Kilimo ni kazi ya serikali ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, na ushauri huo ni haki ya mwananchi.

Limebaki ombi moja. Mwenye mwasumini wa zamani nyumbani kwake, hasa anayekaribia kujenga upya, akate vipande sita msimu huu. Viwili apande mwenyewe, viwili ampe jirani, viwili awape watoto wavipande shuleni kwao. Mmea usio na mbegu hauna mlinzi mwingine ila mkono unaotoa.